Donzi mbili: moja yang'aa, nyingine imepauka. Ninunue ipi?

SWALI

Shikamoo mzee wangu.

Mimi ni mtu wa Mombasa, sasa naishi Tampa, Florida, na mke wangu na watoto wetu wawili, mmoja ana miaka 11 na mwingine 7. Mama mkwe huja kukaa nasi msimu wa baridi. Maji tunayaona kila siku tukipita darajani, ila chombo hatuna. Mwaka huu akiba yetu imefika dola 16,000 na tumekubaliana na mke wangu ziende kwenye boti.

Yeye anataka boti yoyote iliyo salama. Moyo wangu umeangukia Donzi 18, ile boti ndogo ya futi 18 iitwayo 2+3, viti viwili mbele na benchi la watu watatu nyuma. Niliiona siku ya upepo ikikata mawimbi ya Tampa Bay huku boti kubwa kuliko hiyo zikirudi gatini, na tangu hapo sitazami nyingine. Nimepata mbili.

Ya kwanza iko St. Petersburg, jirani na kwangu. Ni ya mwaka 1988. Imepakwa rangi mpya nyekundu, viti vipya, na muuzaji anasema injini ni mpya. Anataka dola 14,500. Nilipomwambia nitaleta mkaguzi, alijibu kwamba boti inajieleza yenyewe, na kwamba yuko mteja mwingine anayekuja Jumamosi na pesa taslimu. Anataka nimtumie arubuni ya dola 1,000 ili aniwekee.

Ya pili iko Michigan. Ni ya mwaka 1986, imekuwa na mwenyewe huyohuyo kwa miaka mingi, na imetembea ziwani tu, haijaonja chumvi. Rangi yake ni ya kiwandani, imepauka. Injini ni MerCruiser 260 na mguu wa propela aina ya Alpha One. Anataka dola 11,000 pamoja na trela, na anaweka daftari la kila alichobadilisha. Lakini iko karibu kilomita 2,000 kutoka hapa, na nimeiona kwa picha tu.

Jamaa zangu wananiambia boti ya umri huu ni kununua matatizo. Je, nitume arubuni kabla ya Jumamosi? Na nikienda kukagua, niangalie nini?

Baba Latifa, Tampa

JIBU

Marahaba mwanangu.

Arubuni usitume. Mtu anayeuza boti ya miaka karibu arobaini na hataki ikaguliwe amekwisha kukupa ripoti ya ukaguzi. Huyo mteja wa Jumamosi akiwepo, mwache anunue. Mwandikie muuzaji kwa adabu kwamba utalipa amana siku mtakapotia saini mapatano yanayosema: boti itatolewa majini, itakaguliwa na mkaguzi unayemlipa wewe, itajaribiwa baharini, na usiporidhika pesa yako inarudi. Hayo ni masharti ya kawaida kabisa katika biashara ya boti Marekani. Akikubali, tutaitazama boti yake kwa macho mapya. Akikataa, umeokoa akiba ya nyumba.

Sasa hao jamaa zako. Hawajakosea kwamba boti ya zamani ina kazi, ila hujapenda upuuzi. Mwaka 1960 Dick Bertram alishinda mbio za kutoka Miami hadi Nassau kwa boti ya mbao iitwayo Moppie, iliyochorwa na Ray Hunt. Bahari ilikuwa imechafuka, na boti nyingi za chini bapa zilipigwa mpaka zikashindwa. Moppie ilikuwa na umbo la V kali chini yake, kutoka omo (mbele) hadi tezi (nyuma), nayo ilipasua mawimbi badala ya kuyadundia. Miaka minne baadaye, mwaka 1964, Don Aronow alianzisha Donzi huko kaskazini mwa Miami na kulitia umbo hilo kwenye viboti vidogo. Pembe ya chini ya hiyo 18 unayoitaka ni digrii 24 hadi kwenye tezi. Ndiyo maana uliiona ikienda huku wengine wakirudi. Ghuba ya Tampa ina kina kidogo, kwa wastani kama mita tatu na nusu, na upepo wa mchana huinua mawimbi mafupi yaliyosongamana. Kwa maji ya namna hiyo, V kali ni rafiki wa mgongo wako.

Lakini V hiyo ina bei yake, na mkeo aijue kabla ya pesa kutoka. Ikisimama, boti hii inalala upande kila mtu anaposogea. Kingo zake ziko chini, karibu na maji. Ni nyembamba. Watoto wataipenda. Mama mkwe, siku ya upepo, hatastarehe humo. Umehesabu viti vitano na nyinyi mko watano, nami naona hesabu hiyo imebana mno. Boti zote za injini zilizo chini ya futi 20 zilizoundwa Marekani tangu mwishoni mwa 1972 zinatakiwa kuwa na kibati kinachotaja idadi ya watu na uzito unaoruhusiwa. Kabla ya jambo lolote, waombe wauzaji wote wawili picha ya kibati hicho. Mkijipima, ongeza nanga, maji ya kunywa, sanduku la barafu na vifaa vya kujiokolea. Uzito ukizidi, basi mama mkwe atoke nanyi asubuhi bahari ikiwa shwari na mtu mmoja abaki nchi kavu, au mtafute futi 22. Hilo mlizungumze nyumbani sasa, si siku ya kwanza mkiwa gatini na watoto wameshavaa.

Nikija kwenye boti zenyewe: ukitaka kujua thamani ya Donzi ya zamani, anza na kile kisichoonekana. Faiba yenyewe haiozi. Kinachooza ni mbao zilizozikwa ndani yake. Ule ukuta wa nyuma unaobeba mguu wa propela una plaiwudi ndani, na mihimili ya chini inayobeba injini nayo kwa boti za miaka hiyo kwa kawaida ina mbao. Maji huingia kupitia tundu la skrubu ambayo mtu aliifunga bila kuziba, au kizibo cha kutolea maji kilicholegea, halafu hukaa humo miaka. Ukiona vyaelea, vimeundwa, na hapa ndipo uundaji wenyewe ulipo.

Jinsi ya kuupima ukuta wa tezi ni hivi. Chukua nyundo ndogo ya plastiki, gonga polepole kutoka juu kushuka, shubiri kwa shubiri. Pakavu patalia kwa mlio mkali, ulio sawasawa. Palipooza patatoa sauti nzito ya kufa, kama dafu lililoharibika. Kisha, kwa ruhusa ya mwenyewe, fungua skrubu moja ya chini, labda ya kifaa cha kupimia kina. Yakichuruzika maji au ukatoka unga wa kahawia na harufu ya udongo, jibu umepata. Halafu mguu ukiwa umeinuliwa kidogo, mwombe mtu auegemee kwa uzito wake huku wewe ukitazama kwa ndani pale unapoungana na ukuta. Ukuta ukinepa, au ukaona nyufa za nywele kwenye pembe, ondoka. Kuubadilisha kunataka kung'oa injini na mguu, kukata faiba, kuweka mbao mpya na kufunika upya, na kwa boti ya bei hii kazi hiyo inaweza kufikia bei ya boti nzima.

Mkaguzi atafanya hayo na zaidi, kwa kipimo cha unyevu na kwa uzoefu. Tafuta aliyesajiliwa na chama cha wakaguzi wa boti, SAMS au NAMS, na umchague mwenyewe, usipokee wa muuzaji. Kampuni nyingi za bima zitakutaka ripoti yake hata hivyo kabla ya kukubali boti ya umri huu.

Ile nyekundu ya St. Petersburg inanitia wasiwasi kwa rangi yake. Boti hizi hutoka kiwandani na tabaka la rangi lililomiminwa pamoja na faiba, lenye unene wake. Mtu akipaka rangi mpya juu, huenda alitaka uzuri tu, na huenda alitaka kuficha nyufa, viraka au malengelenge ya maji chini ya bodi. Kwa macho huwezi kujua. Muulize picha za kazi ilipokuwa ikifanyika na risiti ya aliyepaka. Anayetengeneza kwa haki hupiga picha, kwa sababu anajua mnunuzi atauliza.

Na hiyo "injini mpya" ni mpya ya namna gani? V8 ya lita 5.7 ya boti ni ndugu wa ile ya magari ya Chevrolet, na wapo wanaochukua injini ya gari, wakaipaka rangi nyeusi na kuitumbukiza. Hiyo ni hatari ya roho. Alteneta, stata, kabureta na pampu ya mafuta ya gari havikuundwa kuzuia cheche au mvuke wa petroli, na chumba cha injini ya boti ni sanduku lililofungwa ambamo mvuke hutuama chini. Tafuta alama ya SAE J1171 kwenye alteneta na stata. Ukikosa, hata kama mengine yote ni mazuri, usiiwashe watoto wakiwa ndani. Na katika boti yoyote utakayoinunua, feni ya kutolea mvuke iende dakika nne kabla ya kuwasha, na kabla ya feni, fungua mfuniko unuse kwa pua yako mwenyewe.

Jambo jingine la boti ya maji ya chumvi ni manifodi za ekzosti, yaani vyuma vinavyotoa moshi wa injini, na vichwa vyake. Maji ya bahari hupita humo kupooza moshi na huvila kwa ndani mpaka siku moja maji yanarudi kwenye silinda. Katika maji ya Florida watu huvibadilisha takriban kila miaka mitano au sita, na kwa nje vinaweza kuonekana vizima. Muulize vilibadilishwa lini. "Viko sawa" si tarehe.

Kwa hiyo mimi ningekwenda Michigan. Nasema kwenda, si kununua.

Maji ya ziwa hayali chuma kama bahari, na mtu mwenye daftari la matengenezo ni mtu adimu. Ila Michigan kuna adui ambaye sisi watu wa Pwani hatukumzoea: baridi kali. MerCruiser 260 kwa kawaida hupoozwa kwa maji yaleyale ya nje. Maji yakiachwa ndani ya injini msimu wa baridi, huganda, na yakiganda hutanuka kwa takriban asilimia 9, na chuma hupasuka. Usiku mmoja wa uzembe unatosha kuua injini iliyotunzwa miaka ishirini. Kwa hiyo fungua daftari lake na utafute kila vuli: nani alitoa maji, nani alitia dawa ya kuzuia kuganda? Angalia ubavuni mwa injini, pande zote mbili, kama kuna mstari wa kutu uliolala, au gundi iliyopakwa rangi juu yake. Vuta kijiti cha oili: ikiwa nyeupe kama chai ya maziwa, maji yameingia. Angalia na oili ya mguu vilevile. Ikiwa na weupe huo, sili zimekwisha.

Mwambie mwenyewe asiiwashe kabla hujafika. Ukifika, weka mkono juu ya injini. Iwe baridi, kwa sababu injini inayowashwa kwa shida ikipoa huwashwa mapema ili ikudanganye. Halafu pima kompresheni ya silinda zote nane. Namba yenyewe si hoja kubwa kama ulinganifu wake. Tofauti ya zaidi ya asilimia 10 hadi 15 kati ya silinda na silinda inataka maelezo. Plagi zikitolewa, zipange kwa mfuatano uzitazame. Moja ikiwa safi kupita kiasi au ina kutu, silinda hiyo inapata maji.

Mguu wa Alpha One una mipira ya mikunjo inayozuia maji pale unapopita ukutani. Ule mkubwa ukichanika, maji huingia, kwanza huua beringi iliyo ndani, na boti iliyoachwa majini inaweza kuzama gatini. Ikunjue kwa mkono uangalie kwenye mikunjo. Geuza usukani mpaka mwisho wa kila upande injini ikinguruma polepole na usikilize. Mlio wa kusaga ni beringi. Mipira hiyo, beringi na impela ya pampu ya maji, kama daftari halionyeshi vilibadilishwa karibuni, hesabu kwamba utavibadilisha wewe.

Tangi la mafuta na mipira yake nalo usilisahau. Petroli ya Marekani siku hizi mara nyingi huchanganywa na ethanoli, kwa kawaida kama asilimia 10, na mipira ya miaka ya 1980 haikuundwa kwa ajili hiyo. Hulainika kwa ndani na hutoa jasho la petroli. Futa mpira kwa kitambaa kikavu, kisha kinuse. Mipira yote ya mafuta ningeibadilisha wiki ya kwanza, hata muuzaji aseme nini.

Kisha ombeni kwenda majini, na mkeo awe ndani ya boti. Pesa ni zenu wawili, na mgongo utakaokaa kwenye lile benchi la nyuma ni wake. Injini ya 260 ikiwa na propela inayoifaa inatakiwa kufika kati ya mizunguko 4,400 na 4,800 kwa dakika ukifungua mafuta yote. Isipofika, ama propela si yake, ama injini imechoka, ama bodi imebeba maji na imekuwa nzito. Tazama geji ya joto baada ya dakika kadhaa za kwenda kasi, kisha simamisha boti, fungua mfuniko, angalia ngama, yaani chini kabisa ndani ya boti. Maji mapya kwenye ngama baada ya mwendo huo yanatoka mahali fulani, na mahali hapo papatikane kabla hujafungua pochi.

Hesabu ya pesa inaniongoza kulekule. Ukilipa 14,500 umebakiwa na 1,500, na manifodi pamoja na mguu vikitaka kazi, hizo zimekwisha kabla ya mwezi. Ukilipa 11,000 umebakiwa na 5,000 za mkaguzi, safari, bima na mwaka wa kwanza. Na ripoti ya mkaguzi ikionyesha mambo, bei hushuka. Mpelekee muuzaji ukurasa, usimpelekee malalamiko.

Karatasi: namba ya bodi huchongwa nyuma, upande wa kulia juu, herufi na tarakimu 12. Ilingane na hati ya umiliki, na hati iwe kwa jina la anayekuuzia. Michigan hutoa hati kwa boti yenye injini ya kudumu ndani yake, kwa hiyo akikuambia boti ndogo hazina hati, si kweli. Uliza kama kuna deni la benki. Trela ina karatasi zake mbali. Ukifika Florida una siku 30 za kuisajili boti. Na kama ulizaliwa tarehe 1 Januari 1988 au baadaye, Florida inakutaka uwe na kadi ya mafunzo ya usalama kabla ya kushika usukani. Mimi ningekusihi uyasome hata kama ulizaliwa kabla.

Trela yenyewe, kilomita 2,000 ni nyingi. Ubavuni mwa tairi kuna tarakimu nne za mwisho baada ya herufi DOT: mbili za wiki, mbili za mwaka. Tairi la trela linaweza kuwa na kashata nzuri na likapasuka kwa uzee njiani Georgia. Beringi za magurudumu zifunguliwe na kutiwa grisi mpya kabla ya safari, na uwe na tairi la akiba.

Siku ikifika Tampa, kabla haijaingia kwenye chumvi, tazama vile vipande vya madini vilivyofungwa kwenye mguu ili viliwe badala ya mguu wenyewe. Boti za maziwani mara nyingi hufungwa vya magnesi. Kwenye maji ya bahari hivyo huisha haraka mno, na vikiisha, chumvi itageukia aluminiamu ya mguu. Weka vya zinki au vya aluminiamu. Kila mkirudi, unganisha mpira wa bomba, suuza injini kwa maji ya bomba yasiyo na chumvi ikiwa inanguruma polepole. Funga pia swichi ya kamba ya kuzima injini kama haina, na ujifunge wewe mwenyewe. Tangu tarehe 1 Aprili 2021 sheria ya shirikisho inamtaka mwendeshaji wa boti ya chini ya futi 26 yenye swichi hiyo aitumie anapokwenda kasi, na boti hii ina nguvu ya kumrusha nje mtu mzima kwenye kona moja. Wanao wavae majaketi wakati wote, huyo wa miaka 11 pia, atake asitake.

Na huko kupauka kusikutie aibu. Mwaka wa kwanza usiipake rangi. Isugue kwa dawa ya kung'arishia, ipake nta, uone inakurudishia kiasi gani. Wapenzi wa Donzi hulipa zaidi kwa rangi ya kiwandani, hata ikiwa imechoka.